Mfereji Mahali Pake

Duka la vifaa vya ujenzi la Kaburu lina ukuta mzima wa mifereji, na asubuhi hiyo Falis alisimama mbele yake kwa muda mrefu kama mama anayemchagulia mwanawe mchumba. Ilikuwepo ya plastiki ya buluu, ya shaba nzito ya kizamani, na ya kung'aa yenye shingo ndefu ambayo watu wa mishahara huipenda. Kaburu, Mmeru mnene mwenye subira, alikuwa akimteremshia mmoja baada ya mwingine na kuuweka juu ya kaunta.

"Hii ndiyo watu wanachukua sana, mama," alisema. "Inang'aa hata kama bafu iko na giza."

Falis hakuwa akitafuta mng'aro. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebana mkoba kifuani, chini ya garbasaar, ile shuka pana anayojitanda. Kwa mkono wa kushoto alikuwa akifungua na kufunga, kwanza kwa vidole, kisha kwa kiganja, kisha kwa kiwiko. Mfereji uliohitaji kuzungushwa aliurudisha. Uliokuwa mgumu aliurudisha. Wenye mpini mfupi aliusukuma kando bila hata kuujaribu.

"Ni ya bafu ya nani?" Kaburu akauliza.

"Ya nyumba."

"Iko na mgonjwa?"

"Iko na watu," Falis akasema, na Kaburu, ambaye anajua mteja akishafunga mlango, akarudi kwenye ngazi yake.

Si kwamba Falis ni mchoyo wa maneno. Anauza maziwa ya ngamia, na mwanamke wa maziwa asiye na mdomo atalala njaa. Kila asubuhi hupokea madumu yanayotoka upande wa Kinna na Garbatulla, hunusa shingo ya kila dumu kabla ya kulikubali, na akisema limechacha, basi limechacha. Wenye ngamia wamegombana naye mpaka wakachoka, na bado ndiye wanayemletea. Mumewe alifia njia ya Moyale miaka mingi iliyopita, akamwachia binti mmoja, Fardowsa. Hakuolewa tena, si kwa kukosa waposaji bali kwa kukosa mwenye akili, anavyosema mwenyewe. Mtu kama huyo hakosi jibu la kumpa Kaburu. Ila jambo lililompeleka dukani lilikuwa la baba yake, na alikuwa ameapa kwamba halitatoka nje ya nyumba yao tena.

Baba yake anaitwa Warfa. Babu yake Warfa aliletwa Isiolo na Waingereza akiwa askari, vita vikaisha, akaambiwa hapa ndipo pa kuzeekea. Watoto wake wakawa wafanyabiashara, wajukuu wakawa watu wa malori. Warfa aliendesha lori kwenda Garbatulla siku ambazo barabara ilikuwa zaidi kichwani mwa dereva kuliko chini ya magurudumu. Alikuwa msafi wa kuudhi. Nyuma ya kiti chake liliishi birika la maji ambalo hakuna utingo aliyethubutu kuligusa. Lori lingeharibika nyikani, watu wakauke koo, lakini maji ya birika lile yalikuwa ya udhu na ya kujitahirisha, na Warfa angekaa kivulini mwa lori akililinda.

Usafi huo aliwafundisha watoto wake yeye mwenyewe, hakumwachia mama yao. Falis alipokuwa mdogo, bado hajaanza madrasa, baba alimfunga uzi mweusi kwenye mkono wa kulia.

"Huu wenye uzi unakula, unasalimia, unashika birika," alimwambia. "Ule mwingine unaosha. Ukichanganya hiyo mikono miwili, hata ukisoma Kurani yote, wewe bado ni mchafu."

Uzi ulikaa mkononi mpaka ukachakaa na kukatika wenyewe, na siku hiyo Warfa akampa haluwa. Falis alimfunga Fardowsa uzi kama huo wakati wake ulipofika. Katika familia ile huhitaji kuuliza kilicho kulia na kilicho kushoto, kama vile huhitaji kuuliza mdomo uko wapi.

Kisha kiharusi kikampata Warfa mlangoni mwa msikiti, akivaa viatu baada ya swala ya alasiri. Kilichukua upande wa kulia. Mguu ulirudi kidogo, wa kuburuta kwa bakora. Mkono haukurudi. Ulining'inia ubavuni, na alipokaa aliuokota kwa wa kushoto na kuuweka pajani kana kwamba ni mzigo wa mtu mwingine aliyeombwa kuutunza.

Kula kwa mkono wa kushoto alikataa katakata. Imamu mwenyewe alikuja kumwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa na kwamba dini si uzito. Warfa alimsikiliza kwa heshima, akamshukuru, akamsindikiza kwa macho mpaka getini, halafu akamgeukia Falis na kufungua mdomo alishwe. Kulishwa na binti aliweza kukubali. Kuoshwa na binti, hapana. Jambo hilo halikuzungumzwa hata siku moja, kwa sababu kulizungumza kungekuwa nusu ya kulitenda.

Mwanzoni alioshwa na Abdiladif, mwanawe wa kiume, aliyerudi nyumbani aliposikia habari. Lakini Abdiladif ni dereva wa lori la mafuta la kwenda Juba, na tajiri wake hakuwa mtu wa kungoja. Alipoondoka, Falis alimwomba Isacko, jirani yao Mborana, mtu wa mikono ya upole. Mikono yake ilikuwa ya upole kweli, tatizo lilikuwa mdomo, ambao Mungu aliutengeneza bila komeo. Isacko alikaa hotelini na chai yake akasimulia jinsi mzee alivyolia siku ya kwanza, jinsi alivyojaribu kujisitiri kwa ule mkono uliokufa. Hakusimulia kwa ubaya, alisimulia kwa huruma, na huruma ndiyo husafiri mbali zaidi. Habari zilimfikia Warfa msikitini, zikiletwa na rafiki yake wa ujana kama pole. Kesho yake Isacko alikuta mlango wa chumba umefungwa kwa ndani.

Tangu siku hiyo Warfa akaacha kunywa.

Falis hakugundua mara moja. Aliyemwonyesha ni sisimizi. Walikuwa wamejipanga ukutani kuelekea kwenye mkebe wa maua dirishani kwa baba yake, na alipouchungulia akakuta udongo mweupe unanuka maziwa. Kila kikombe alichompelekea asubuhi, mzee alikuwa akikimwaga humo. Chai vilevile. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na Falis alikuwa amedhani ni upepo wa Isiolo tu, ambao humpasua kila mtu. Sasa akaelewa kwamba baba yake alikuwa amehesabu: asiyekunywa haendi chooni, na asiyekwenda chooni haombi mtu amwoshe. Mara moja kwa siku alijikokota kabla ya alfajiri hadi choo cha shimo nyuma ya nyumba, akishika ukuta, na huko alijiosha alivyoweza, yaani hakuweza.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wahenga hawakumjua Warfa. Daktari alimtazama, akamwambia Falis wakiwa kwenye ukumbi kwamba figo zimeanza kulalamika, na mzee akiendelea kujinyima maji hatafika mbali. Falis alirudi nyumbani na jambo moja kichwani. Ama baba yake apate choo ambacho ataingia peke yake, afunge mlango, ajioshe kwa ule mkono mmoja na atoke msafi, ama akauke mpaka afe. Hapakuwa na njia ya tatu. Friza ya maziwa aliyokuwa ameipania ikangoja, na bafu la ndani, lile la mwisho wa ukumbi lililokuwa limegeuka stoo ya madumu, likavunjwa.

Ndiyo maana alisimama mbele ya ukuta wa Kaburu akijaribu mifereji kwa kiwiko.

Mwishowe Kaburu aliingia nyuma ya duka akatoka na boksi lenye vumbi. "Hii ilibaki kwa kazi ya kliniki," alisema. "Haina soko. Watu wanasema mpini yake inashika nguo."

Ulikuwa mfereji mfupi wenye mpini mrefu uliolala, kama ile ambayo madaktari huifungua kwa kiwiko. Falis aliugusa kwa mgongo wa mkono wa kushoto. Ukafunguka. Akaugusa tena, ukafungika. Hakuna kuzungusha wala kukaza.

"Na hii chumvi ya maji yetu? Itaufanya nini?"

"Ndani haina mpira. Chumvi itaihangaikia sana kabla iishike."

Falis akacheka, mara ya kwanza tangu wiki ya sisimizi. Alitoka na boksi kwapani, akitembea kwa haraka kwenye jua, na njiani alimsalimia hata mwanamke mwenzake wa maziwa ambaye hazungumzi naye.

Fundi alikuwa Ekiru, Mturkana wa Kambi ya Juu, mtu wa kanisa, mwenye kazi safi. Amejenga vyoo vingi vya Waislamu katika mji huu na anajivunia kwamba hajawahi kuitwa kurekebisha. Falis aliporudi kutoka kupokea madumu alimkuta amepiga magoti kwenye simiti mbichi, amekwisha kukipanga kiti cha choo.

"Habari ya saa hizi, Mama Fardowsa. Choo nimegeuza. Haiangalii Kibla na haipatii mgongo."

"Asante, fundi."

"Na hii chuma ya kushikia, nitaweka wapi?"

"Kushoto. Mzee atashika na mkono ya kushoto."

Ekiru akaweka alama ya penseli ukutani, upande wa kushoto. Kisha akauchukua mfereji, akaupima uzito kiganjani, akautazama ule mpini mrefu, akatazama kiti.

"Na mfereji?"

Hapo ndipo ilipo hadithi yote, na mtu angeweza kuizuia hapo kwa maneno mawili. Ekiru alikuwa bado anatazama kiti, na Falis aliliona swali la pili likija: mzee akikaa hapa anafanyaje? Mji ni mdogo. Kilichosimuliwa hotelini huenda Ekiru naye alikisikia. Kulijibu swali hilo ilikuwa ni kumkalisha baba yake juu ya kile kiti mbele ya macho ya mwanamume mwingine, na kueleza mkono upi unakwenda wapi. Alikwisha kumkabidhi Isacko aibu ya baba yake mara moja.

"Mahali yake, fundi," alisema kwa ukali kidogo. "Kwani hujajenga choo ya Waislamu?"

"Nimejenga mingi."

"Basi."

Simu yake ikalia, pikipiki ya maziwa ilikuwa imefika, akatoka. Ekiru akaufunga mfereji mahali pake: upande wa kulia wa kiti, chini, usawa wa goti, mdomo umegeuzwa kidogo kuelekea ndani. Ndipo ulipo katika kila nyumba ya Kiislamu aliyojenga, ili mkono wa kulia ulete maji na wa kushoto uoshe.

Falis alirudi jioni akasimama mlangoni. Vigae vyeupe, chuma kimekaza, dirisha dogo juu, komeo jipya kwa ndani ili mzee ajifungie mwenyewe. Akainama, akasukuma mpini kwa mkono wake wa kulia, na maji ya tangi yakatoka. Alikuwa amekiangalia choo cha namna hiyo maisha yake yote. Macho yake hayakuona kosa, kwa kuwa hapakuwa na kosa lolote ambalo macho yale yalifundishwa kuliona.

Akamwita baba yake. Warfa alikuja akiburuta mguu, akaegemea bakora, akatazama. Alitazama chuma. Alitazama kiti. Alitazama mfereji, na hapo macho yake yakakaa, jambo ambalo Falis angekuja kulikumbuka sana baadaye.

"Nani alichagua hii?"

"Ni mimi, aabo. Ukigusa tu inafunguka."

"Mpini yake ni ndefu."

"Ndiyo, aabo."

"Umejenga vizuri," akasema. "Kila kitu iko mahali yake."

Akaingia, akafunga mlango, akatia komeo. Falis alikwenda jikoni kujifanya anasuuza madumu. Alisikia maji yakianza, akasikia yakikoma. Mzee alipotoka, pindo la kikoi lilikuwa limelowa na uso wake ulikuwa ule wa mtu aliyetoka safari salama. Aliketi, akauokota mkono wake, akauweka pajani, akaomba chai. Akanywa. Akaomba nyingine.

Zilifuata siku nzuri, na si haki kuzinyima sifa yake. Warfa alikunywa maziwa, akanywa suusa, yale yaliyoganda ambayo aliyapenda tangu utoto, midomo ikapona. Alianza tena kumtania Falis. Alisema sasa yeye ni Mzungu, anafikiri mambo ya dunia akiwa ameketi kwenye kiti. Fardowsa akasema awoowe, babu yake, amerudi. Falis alirudi kugombana na wenye ngamia kwa moyo mkunjufu, na usiku alilala usingizi ambao alikuwa ameusahau.

Dalili zilikuwepo. Shati la mzee lilikuwa likilowa bega la kulia kila alipotoka, na Falis akafikiri maji ya tangi yana nguvu mno, akapanga kumwita Ekiru ayapunguze. Akaona alama nyeusi kwenye kiwiko kile kilichokufa. Warfa akasema amejigonga mlangoni, hata hakusikia maumivu, si unajua mkono huu hausikii kitu. Falis akaamini. Alikuwa na furaha, na mwenye furaha haulizi sana.

Asubuhi ya siku ile alikuwa uani na madumu. Hakusikia kishindo wala sauti ya mtu. Alichosikia ni maji. Yalikuwa yakimwagika, yakaendelea, yakaendelea. Isiolo hakuna mtu anayeacha maji yakimwagika hivyo, hata mtoto, hata mwendawazimu. Alikimbia ukumbini akakuta yanapita chini ya mlango.

"Aabo."

Komeo lilikuwa limetiwa, lile komeo zuri alilolinunua yeye. Alipiga mlango kwa bega, ukakataa. Alipiga kelele, na mwanamume wa karibu aliyezisikia alikuwa Isacko. Isacko aliuvunja mlango kwa teke, akamsukuma Falis nyuma kabla hajaona, akaingia peke yake, na jambo la kwanza alilofanya ni kuvuta kikoi na kumfunika mzee. Ndipo akamwita Falis. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu nimemsema Isacko vibaya. Habari za siku hiyo hakuzisimulia popote.

Warfa alikuwa ameangukia upande wa kulia, kati ya kiti na ukuta, ule mkono umelaliwa chini yake. Wa kushoto ulikuwa umenyooshwa juu ya tumbo, vidole bado vinauelekea mpini. Macho yalikuwa wazi.

"Funga maji," alimwambia Isacko. "Yanapotea."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini walisema kuna upasuaji, lakini moyo wa mzee na umri wake haviaminiki, na njia ya kwenda unakofanywa ni ndefu. Warfa alisikiliza yote, akasema arudishwe nyumbani. Abdiladif alipigiwa simu akiwa mpakani. Alilia, akasema atakuja akishashusha mafuta, na kila mtu alijua kwamba barabara ile huamua yenyewe mtu atarudi lini.

Siku moja kabla ya mzee kurudishwa, Falis aliingia bafuni kupasafisha. Alipomaliza alisimama akipatazama. Kisha akafunga mlango uliovunjika kadiri ulivyofungika, akauchukua mkono wake wa kulia akaufunga ndani ya garbasaar, akakaza fundo kwa meno. Akakaa kwenye kiti. Kwa mkono wa kushoto akakamata chuma, na chuma kilikuwa mahali pazuri, mwili ukatulia.

Akautafuta mfereji.

Ulikuwa upande wa pili. Ili kuufikia ilimbidi aachie chuma. Ilimbidi aupitishe mkono wa kushoto juu ya mapaja, ajipinde, auelemeze mwili wote kwenye upande usio na mkono wa kumzuia. Vidole vilifika mpini kwa shida, na bega lake la kulia likawa chini ya mdomo wa maji. Likalowa palepale shati la baba yake lilipokuwa likilowa.

Mtu hujikuna ajipatapo, na baba yake alikuwa hajipati. Kila siku, mara nyingi kwa siku, tena zaidi kwa sababu alikuwa amerudi kunywa, alikuwa akijitupa upande uliokufa ili afungue maji. Falis aliyapitia yote akiwa ameketi pale. Alichagua mpini kwa kiwiko cha kushoto. Aliagiza chuma kushoto. Kushika alikufikiria. Kuosha hakukufikiria, kwa maana kuosha kulikuwa na mahali pake tangu siku za uzi mweusi, na mtu hafikirii jambo ambalo mkono wake unalijua. Alijichukia kwa chuki kavu isiyo na machozi. Alikaa mpaka Fardowsa alipomwita mara tatu.

Ekiru alikuja jioni ile. Alitazama, na Falis safari hii akaeleza yote, mkono upi na mkono upi, bila kuficha macho.

"Niliuliza, Mama Fardowsa," Ekiru akasema polepole. Hakuwa akijitetea, alikuwa na huzuni.

"Uliuliza."

Akatoboa ukuta, akauhamishia mfereji kushoto, akaziba tundu la zamani kwa simiti. Wote wawili walijua kwamba mzee hataingia humo tena. Fardowsa ndiye anayeutumia sasa, naye hulalamika. "Hooyo, huyu fundi aliweka mfereji upande mbaya," husema, na mama yake hamjibu.

Warfa alirudishwa amelala kwenye godoro nyuma ya pikapu. Hospitalini aliwakubali wauguzi wanaume, kwa kuwa ni wageni na wageni hawana hoteli ya kusimulia. Nyumbani hakumkubali mtu. Isacko alikuja mwenyewe hadi mlangoni, akasimama na kofia mkononi, akasema yuko tayari na mdomo wake ameufunga. Warfa aligeuza uso ukutani. Jioni ile Falis alimpelekea maziwa, akakuta meno yamekazwa.

"Aabo," alisema, "kwa nini hukuniambia? Kuhusu mfereji."

Mzee alifikiri. "Ningesema nini? Ilikuwa mahali yake."

"Haikuwa mahali yako."

"Mkono ya kulia ndiyo inashika maji," Warfa akasema kwa sauti ya mtu anayemrudishia mtoto somo. "Mimi ndiye sina mkono. Mfereji haina makosa."

Falis alikaa ukingoni mwa kitanda cha baba yake mpaka kikombe kikapoa, na asubuhi, alipoingia, harufu ikamweleza yaliyotokea. Mzee alikuwa amelala palepale, amekaza macho kwenye paa. Alikuwa amejizuia kwa nguvu zake zote, na nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Abdiladif alikuwa Sudan Kusini. Falis alitoka, akapasha maji, akayatia kwenye birika, akachukua beseni, vitambaa na shuka safi. Akarudi, akafunga mlango.

"Aabo, leo ni mimi."

Nje pikipiki ya maziwa ilipiga honi, ikapiga tena, ikaondoka. Falis alingoja na birika mkononi. Alikuwa tayari kwa matusi, kwa kilio, kwa bakora. Alipigana na miguu yake isitoke.

"Nifunike uso kwanza," baba yake akasema.

Alichukua garbasaar yake safi, nyeupe. Katika nyumba ile uso uliwahi kufunikwa mara moja, wa mama yake, siku alipokufa, na Warfa ndiye aliyeufunika. Falis akaikunjua nguo, akamtandazia usoni, akaiweka sawa mabegani. Kisha akaanza kazi. Akamimina kwa mkono wa kulia, akaosha kwa wa kushoto, bila kuchanganya, kama alivyofundishwa. Nguo ilikuwa ikipanda na kushuka mdomoni, kwanza upesi, halafu polepole.

Alipomaliza alibadilisha shuka, akamvika kikoi kipya, akaosha mikono yake mara mbili, akaleta maziwa ya asubuhi na kuyaweka kando ya kitanda. Akainama kuiondoa ile garbasaar. Mkono wa kushoto wa baba yake ukapanda, ukaishika nguo usoni, ukaibana.

"Acha tu," alisema chini yake.

Falis akaiacha.